Don Williams wa 1973: upole wenye mambo chini yake

Ukitaka kuwasha ubishi kati ya wapenzi wa kantri hapa Kenya, hakuna haja ya kuuliza kama Don Williams, yule mwimbaji wa Marekani, alijua kuimba. Hilo wazazi wetu walishaliamua. Uliza kuhusu albamu yake ya kwanza, Volume One, uone. Mmoja atakwambia ndiyo bora kuliko zote alizotoa, na kwamba yaliyofuata yalikuwa marudio tu. Wa pili atasema ni nyembamba, haina hata wimbo mmoja uliomfikisha kileleni, na mzee alikuja kujipata baadaye. Wa tatu atapiga mwayo: nyimbo zote ni wimbo mmoja. Wa nne, ambaye ndiye wengi wetu, atauliza albamu hiyo ni ipi, maana yeye alimjua Don Williams kwa kanda ya mkusanyiko yenye picha ya mtu wa kofia na ndevu, na wimbo gani ulitoka mwaka gani si habari yake.

Nimewasikiliza wote wanne, na naona wote, hata yule anayeisifu, wanachukua sauti na kuyaacha maneno. Volume One ni albamu ya watu wenye la kuficha. Imeimbwa na sauti isiyoonyesha kuficha chochote, na hapo ndipo penye utamu wake wote. Anayeiita muziki wa kupumzikia hajakosea kuhusu sauti. Amekosa kusikia hadithi.

Albamu ilitoka mwaka 1973 chini ya JMI, kampuni ndogo ya Jack Clement, mtu aliyewahi kufanya kazi Sun Records kule Memphis enzi za Johnny Cash na Jerry Lee Lewis. Prodyuza alikuwa Allen Reynolds, ambaye baadaye angewatengeneza Crystal Gayle na Garth Brooks. Williams mwenyewe, mzaliwa wa Floydada, Texas, mwaka huo alikuwa anatimiza miaka 34. Hakuwa kijana anayejaribu bahati. Alikuwa ameshapita kwenye Pozo-Seco Singers, kundi la nyimbo za kifolki kutoka Corpus Christi lililotamba na wimbo "Time" mwaka 1966, kundi likavunjika, naye akaishia Nashville, makao makuu ya kantri, akiandika nyimbo kwa kampuni ya Clement. Kwa hiyo tunapoiita albamu ya mwanzo tukumbuke ni mwanzo wa mtu mzima, mwenye mke na watoto, aliyekwisha kuonja umaarufu mdogo na kuona unavyokwisha.

Nashville ya mwaka huo ilikuwa na kambi mbili. Upande mmoja kulikuwa na Billy Sherrill, aliyemjengea Charlie Rich "Behind Closed Doors" kwa fidla nyingi na waitikiaji wengi, muziki wa sebule yenye zulia. Upande wa pili Waylon Jennings alitoa Honky Tonk Heroes, muziki wa watu waliochoka kuambiwa na wakubwa wa studio waimbe nini. Volume One haikai kambi yoyote. Haina zulia, na haina hasira. Gitaa la akustika linakwenda kwa utulivu, besi inapiga hatua fupi fupi, dramu zinaguswa zaidi ya kupigwa. Gitaa la stili, lile linalolia kwa kuburuza sauti na ambalo kwa waimbaji wengi wa kantri hujaza kila pengo, hapa linasubiri zamu yake, linasema neno, linanyamaza. Na juu ya hayo yote kuna sauti ile nzito, ya chini, iliyo karibu sana na maikrofoni kiasi kwamba unasikia pumzi kabla ya mstari.

Sasa turudi kwa anayepiga mwayo. Anasema nyimbo zinafanana. Mimi simkatalii. Kasi inakaribiana, ala ni zile zile, hakuna mahali mwimbaji anapandisha sauti ili akushtue. Ukiiweka albamu kwenye gari ukitoka Naivasha, unaweza kufika Gilgil bila kutambua nyimbo zimebadilika mara kadhaa. Lakini malalamiko haya huwa yanachukulia kwamba mfanano ni upungufu, kama vile Reynolds na Williams walijaribu kufanya zaidi wakashindwa. Sidhani. Nashville ilikuwa na wapiga fidla wa kukodi kila kona, na kuongeza vitu ndiyo ilikuwa kazi rahisi. Kuondoa ndiko kulikohitaji mtu kushikilia msimamo. Na ushahidi ni kwamba mtu huyu aliendelea na mpango huo huo miaka mingi, hata alipokuwa na fedha ya kuajiri bendi nzima. Wasanii wengi ukisikiliza albamu yao ya kwanza unamsikia mtu mwingine kabisa, aliyeazima sauti ya huyu na mtindo wa yule. Ya Williams ukiipiga bila kutaja mwaka, wengi watakosea kwa miaka kumi.

Mlalamikaji wa pili, yule wa chati, ana takwimu upande wake. Williams alifikisha nyimbo 17 nambari moja kwenye chati ya kantri ya Marekani, na hakuna hata moja iliyotoka humu. "The Shelter of Your Eyes" iliishia nafasi ya 14, "Come Early Morning" ikafika ya 12. Ukimlinganisha na mtu wa "You're My Best Friend" ya 1975, "Tulsa Time" ya 1978 na "I Believe in You" ya 1980, huyu wa 1973 anaonekana kama anapasha misuli. Lakini chati hupima vitu viwili kwa pamoja: wimbo, na nguvu ya kampuni inayousukuma kwenye redio. JMI ilikuwa kampuni ya watu wachache wenye masikio mazuri na mfuko mdogo. Kufika nafasi ya 12 kutoka pale, kwa jina ambalo redio za kantri hazikulijua, si haba hata kidogo.

Ila nisingependa kuitetea kwa hoja ya uhasibu. Naitetea kwa nyimbo zenyewe, na nitaanza na ule ninaousikia ukitumiwa vibaya kuliko zote.

"I Recall a Gypsy Woman" uliandikwa na Bob McDill pamoja na Allen Reynolds. Niliwahi kukaa kwenye karamu ya harusi Nakuru, keki iko mezani, bwana na bibi harusi wameshikana mikono kwenye kisu, na jamaa wa muziki akauweka wimbo huo. Watu wakayumbayumba vitini kwa raha, shangazi mmoja akafumba macho. Wimbo unasema nini? Mwanamume amelala usiku, mkewe yuko usingizini kando yake, naye anamwaza mwanamke mwingine wa zamani, mwanamke wa Kijipsi, ngozi yake kwenye mbalamwezi, macho yanayometameta. Mke hajui. Mwimbaji anatuambia waziwazi kwamba mke hajui. Halafu anarudi kwenye kiitikio kana kwamba hakuna neno.

Mtu mwingine angeuimba wimbo huo kwa majuto, au kwa majigambo. Williams anauimba kwa sauti ile ile ambayo angemwimbia mkewe. Hakuna tofauti kabisa. Ndiyo maana shangazi alifumba macho, na ndiyo maana mimi nilitazama pembeni. Sauti inayokwambia "nipo, lala salama" ndiyo hiyo hiyo inayokiri kwamba haipo. Huu si ubora mdogo. Kuna waigizaji wa jukwaani waliokaa kazini maisha yao yote bila kuweza kufanya kitu hicho.

Na ukishausikia wimbo huo hivyo, "Come Early Morning" nao, ulioandikwa na McDill, unabadilika masikioni. Wengi wanauchukulia kama wimbo wa furaha, una mwendo wa miguu kabisa, unaweza kuupigia makofi. Mtu anatembea usiku kucha chini ya mwezi ili alfajiri imkute kwa mpenzi wake. Vizuri. Lakini mbona anapita njia za pembeni? Ametoka wapi, na kwa nini anarudi saa hizo? Wimbo haujibu, na mwimbaji hana haraka ya kukusaidia. Wasikilizaji wanaosema Volume One haina mchezo wa kuigiza ndani yake wanautafuta kwenye sauti, mahali ambapo Williams hakuwahi kuuweka.

Halafu kuna "Amanda". Hapa ndipo mjadala wa wasikilizaji huwa mkali zaidi, kwa sababu kuna mshindani. Waylon Jennings aliurekodi mwaka 1974, ukatolewa tena 1979 ukapanda hadi nambari moja, na kwa Wamarekani wengi "Amanda" ni wa Waylon, basi. Toleo la Williams lilitoka upande wa pili wa sahani ya "Come Early Morning" na kwenye chati halikufika mbali. Maneno ni yale yale: mwanamuziki wa mashambani aliyevuka thelathini, bado anavaa jinzi, anajitazama kwenye kioo na kushtuka kwa nywele zilizofika mabegani na umri ulioingia machoni. Kisha anamgeukia mkewe, Amanda, nuru ya maisha yake, na kumwambia kwamba majaliwa yalipaswa kumfanya mke wa mtu wa heshima zake.

Waylon anauimba kama mtu aliyegongwa na maisha na kujivunia makovu. Ukimsikia unajua kwamba asingeacha gitaa hata kwa ajili ya Amanda, na Amanda pia anajua. Ni toleo kubwa, sina ugomvi nalo. La Williams ni baya zaidi, namaanisha baya kwa moyo. Yeye hajivunii lolote. Anamwambia mkewe jambo hilo jinsi mtu anavyotaja deni la kodi ya nyumba wakati wa chakula cha jioni, bila kuinua macho. Anayeona toleo lake ni baridi ajiulize kama amewahi kusikia mwanamume mtu mzima akikiri kushindwa. Mara nyingi hainuliwi sauti.

Uingereza walilisikia jambo hili mapema kuliko sisi. "I Recall a Gypsy Woman" ulitolewa huko kama wimbo wa pekee mwaka 1976 ukafika nafasi ya 13 kwenye chati ya pop, miaka mitatu baada ya albamu, na katikati ya mji wa rock wakatokea mashabiki wasiotarajiwa. Eric Clapton alirekodi "Tulsa Time". Pete Townshend wa The Who, mtu wa kuvunja magitaa jukwaani, alirekodi "Till the Rivers All Run Dry" pamoja na Ronnie Lane mwaka 1977. Watu wa kelele walivutwa na mtu aliyekataa kelele. Nadhani waligundua kwamba kutulia kiasi kile mbele ya maikrofoni kunatisha kidogo.

Sisi huku tulimpokea kwa mlango mwingine. Mazoea ya kantri yalikuwepo tayari, Jim Reeves, mwimbaji mwenzake wa kantri, alishatangulia, na redio ya taifa ilikuwa na jioni zake za nyimbo laini. Waliokua wakisikiliza KBC wanalikumbuka jina la Sundowner bila kukumbushwa. Williams aliimba taratibu, kila neno likakamilika kabla ya lingine kuanza, na kwa mtu aliyejifunzia Kiingereza darasani hiyo ilikuwa zawadi. Ungeweza kuyaandika maneno kwenye daftari kwa kusikiliza mara mbili. Magitaa yake hayakuwa mageni pia kwa masikio yaliyolelewa na magitaa ya Bonde la Ufa na ya Kati. Hadi leo wapiga gitaa wa mugithi kwenye mabaa hupenyeza kantri katikati ya nyimbo za Kikuyu bila mtu kushangaa, na Sir Elvis amejenga jina Nairobi kwa kuimba muziki huu. Si Kenya pekee. Mwaka 1997 Williams mwenyewe alikwenda Zimbabwe na kuimba Harare, na video ya safari hiyo ikaitwa Into Africa. Umati ulijua nyimbo.

Lakini mapokezi hayo yalikuwa na gharama, na hapa nitawaudhi wakubwa zangu. Tulimfanya Don Williams mzee wa kutoa nasaha. Kwa kuwa alikuwa mpole, hakuvaa mapambo, hakuwa na kashfa magazetini, na Wamarekani wenyewe walimwita Jitu Pole, tukaamua kwamba nyimbo zake zote ni za ndoa iliyotulia. Tunazipiga harusini, tunazipiga kwenye maadhimisho ya miaka 40 ya ndoa, tunazipiga msibani jioni watu wakisubiri chai. Alipofariki Septemba 2017 akiwa na miaka 78, maombolezo ya huku yalijaa maneno "muziki safi" na "muziki wa maadili". Kanda za mkusanyiko zilisaidia kosa hilo. Ukiuweka wimbo wa mwanamume anayemwaza mwingine katikati ya "You're My Best Friend" na "I Believe in You", unafunikwa na majirani zake. Ndani ya Volume One haufunikwi, kwa sababu majirani zake nao wana yao.

Sina maana kwamba albamu haina doa. Wimbo unaosifiwa kuliko zote na wapenzi wake wa siku nyingi, "The Shelter of Your Eyes", ambao aliuandika mwenyewe, kwangu ndio dhaifu miongoni mwa zile zinazokumbukwa. Najua nitakemewa. Una sauti nzuri ajabu, una ile hisia ya kufika nyumbani mvua ikianza. Lakini maneno na sauti vinasema kitu kimoja: nakupenda, kwako nimepata kimbilio, nimetulia. Vikishasema hivyo hakuna kilichobaki chini. Ukiusikia mara moja umeusikia. "Amanda" nimeusikia mara zisizohesabika na bado sina hakika kama mke yule anafarijiwa au anaagwa. Anayependa "Shelter" kuliko "Amanda" anatafuta kutulizwa, jambo lisilo na aibu. Mimi natafuta kingine.

Kuna nyimbo nyingine kwenye albamu ambazo sina la kusema juu yake. Zinapita kwa adabu. Albamu nyingi za kantri za miaka ile zilikuwa hivyo, nyimbo tatu nne za kubeba mzigo na nyingine za kujaza pande mbili za sahani, na yote yanaisha ndani ya yapata nusu saa.

Kilichofuata kinajulikana. Volume Two ikatoka 1974, ikiwa na "We Should Be Together" uliomwingiza kwenye tano bora kwa mara ya kwanza. JMI haikudumu. Williams akahamia ABC/Dot, na mwaka huo huo akapata nambari moja yake ya kwanza, "I Wouldn't Want to Live If You Didn't Love Me", wimbo ambao ukishausoma kichwa chake umeshaujua. Kuanzia hapo pengo kati ya sauti na maneno lilianza kuzibwa. Sauti pole ikapewa maneno pole, redio zikafurahi, harusi za dunia nzima zikapata nyimbo. Msikilizaji anayesema Williams alikuja kujipata baadaye anazungumzia kuzibwa huko, na anakuita kukomaa. Mimi nakuona kama makubaliano mazuri ya biashara.

Ila McDill hakwenda mbali. Mwaka 1980 alimpa "Good Ole Boys Like Me", na humo kuna baba mwenye Biblia mkononi na harufu ya pombe mdomoni akimzungumzia heshima mwanawe aliyelala chini ya picha ya jenerali wa Kusini mwa Marekani, kuna rafiki wa utotoni aliyeteketezwa na dawa za kulevya, na kuna kijana aliyehama akajifunza kuzungumza kama msomaji wa taarifa ya habari. Haumlaumu mtu, hauombi radhi kwa niaba ya mtu. Ulifika nafasi ya pili. Wanaosema yule mtu wa 1973 alikuwa anapasha misuli tu, wausikilize huu baada ya "Amanda", kisha waniambie ni nani kati ya hao wawili aliyekuwa bado anajitafuta.